Damu na Pumzi: Kutoka Mnero hadi Luanda

Mwaka 1949 misitu ya Nachingwea ilikuwa ikiangushwa kwa buldoza. Serikali ya Uingereza ilitoka kwenye Vita Kuu ya Pili ikiwa haina mafuta ya kupikia ya kutosha, ikaamua kulima karanga Tanganyika kwenye ekari zaidi ya milioni 3. Nachingwea ilichaguliwa pamoja na Kongwa na Urambo. Reli ikajengwa kutoka pwani, uwanja wa ndege ukasawazishwa, na mji ukaota ghafla katika nchi ya Wamwera. Januari 1951 mpango ukavunjwa. Uingereza ilifuta hasara ya pauni milioni 36 hivi, na mwaka 1962 hata reli yenyewe ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa.

Katika mwaka huohuo wa 1949, daktari mmoja Mwingereza alihamia Mnero, misheni ya Wabenediktini katika eneo hilohilo. Hakuwa na buldoza wala kampuni nyuma yake. Leader Stirling alizaliwa mwaka 1906 na kufika Tanganyika mwaka 1935. Kwa miaka 14 alitibu watu Lulindi, Masasi, chini ya wamisionari wa Kianglikana, kisha akaingia Kanisa Katoliki na kuhama. Kazi yake ilikuwa upasuaji, na kitabu chake kuhusu maisha ya Lulindi, Bush Doctor, kilichapishwa mwaka 1947. Mnero alikaa hadi miaka ya 1960. Wazungu wa karanga walifungasha virago, hospitali ikabaki, na ipo hadi leo.

Hospitali nyingi za misheni za wakati ule hazikuwa na mashine za usingizi. Etha ilidondoshwa tone kwa tone juu ya kitambaa kilichofunika pua na mdomo wa mgonjwa. Aliyeshika chupa aliangalia hasa mambo mawili: kifua kinavyopanda na kushuka, na mshipa unaopiga mbele ya sikio. Mvuke wa etha ulishuka kooni hadi mapafuni, ukayeyuka ndani ya damu, na moyo ukaupeleka kwenye ubongo. Baada ya dakika kadhaa mgonjwa alikuwa amelala. Chupa ilipowekwa kando, damu iliirudisha etha mapafuni, na pumzi zikaitoa nje. Upasuaji mzima ulitegemea njia hiyo moja, inayounganisha pumzi ya pua na damu ya ubongo.

Njia hiyohiyo ilikuwa na mtumiaji mwingine, ambaye hospitali za kusini zilimjua vizuri kuliko zilivyopenda.

Safura huletwa na minyoo wembamba wasiofika urefu wa sentimita moja na nusu. Mayai yao hutoka na choo cha mgonjwa, yakaanguliwa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, na viluwiluwi vikamsubiri mtu apite pekupeku. Kwa muda mrefu madaktari waliamini kwamba minyoo hao huingia kwa kumezwa. Mwaka 1898, jijini Cairo, mtaalamu wa Kijerumani Arthur Looss alidondokewa mkononi na maji yenye viluwiluwi akiwa kazini. Ngozi ikawasha na kuwa nyekundu, naye baada ya wiki kadhaa akayakuta mayai ya minyoo hao kwenye choo chake mwenyewe. Ikabainika kwamba wanatoboa ngozi.

Kutoka mguuni hadi tumboni, kiluwiluwi hupita njia ndefu ya kushangaza. Huingia kwenye mshipa mdogo wa damu, kikabebwa na damu inayorudi juu hadi upande wa kulia wa moyo. Moyo hukisukuma mapafuni. Huko mishipa ni myembamba mno kiasi kwamba kiluwiluwi hakipiti. Hutoboa ukuta na kutokeza ndani ya vifuko vya hewa. Kisha hupanda njia ya hewa polepole, mtu akakohoa kidogo, kikafika kooni na kumezwa pamoja na mate. Ndipo kinapofika kwenye utumbo mwembamba, kikakomaa, kikauma ukuta wa utumbo na kuanza kunywa damu.

Kwa kupita huko, mnyoo huyo amekatiza mahali ambapo wanazuoni wa kale walibishana kwa zaidi ya miaka 1,000. Galen, mganga wa Dola ya Kirumi katika karne ya 2, alifundisha kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kwa kupenya vitundu visivyoonekana katika ukuta wa kati. Hakuna aliyewahi kuviona vitundu hivyo, lakini jina la Galen lilitosha. Mwaka 1242 tabibu kutoka Damascus aliyefanya kazi Cairo, Ibn al-Nafis, akiandika ufafanuzi wa kitabu cha Ibn Sina, alikataa waziwazi. Ukuta huo ni mzito, alisema, na hauna tundu lolote. Damu lazima ipite kwenye mapafu, ichanganyike na hewa, ndipo irudi upande wa kushoto. Wakati huo Kilwa, iliyomo leo katika Mkoa wa Lindi pamoja na Nachingwea na Ruangwa, ilikuwa mji wa Kiislamu unaokua kwa biashara ya bahari. Maandishi ya Ibn al-Nafis kuhusu moyo yalikaa maktabani yakisahaulika hadi mwaka 1924, alipoyagundua tena daktari kijana wa Kimisri aliyekuwa akisoma Ujerumani.

Mwingereza William Harvey alikamilisha duara mwaka 1628 alipoonyesha kwamba damu yote ya mwili huzunguka na kurudi moyoni. Alibaki na pengo moja: hakuweza kuona inavyovuka kutoka mishipa inayopeleka hadi ile inayorudisha. Mwaka 1661 Mwitaliano Marcello Malpighi aliweka pafu la chura chini ya hadubini na kuiona mishipa myembamba inayounganisha pande hizo mbili. Hiyo ndiyo inayomzuia mnyoo wa safura na kumlazimisha atoboe.

Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Akiwa ametulia, moyo wake hupiga kama mara 70 kwa dakika, na kila pigo hutoa mililita 70 za damu kila upande, kwa hiyo karibu damu yote huzunguka mara moja kwa dakika. Upande wa kulia husukuma kwa nguvu ndogo, kwa sababu mapafu yako jirani na mishipa yake ni laini. Upande wa kushoto, wenye ukuta mnene zaidi, ndio unaopeleka damu hadi kwenye vidole vya miguu. Ndani ya mapafu kuna vifuko vya hewa kati ya milioni 300 na milioni 500. Kuta zake zikitandazwa zingefunika kama meta 70 za mraba, na ni nyembamba kiasi kwamba oksijeni huvuka kwenda kwenye damu, na kaboni dayoksaidi ikavuka kutoka, bila kusukumwa na chochote. Oksijeni ikishaingia hushikwa na hemoglobini, kitu chenye chuma kinachozipa seli nyekundu rangi yake.

Safura huiba chuma hicho. Mnyoo mmoja wa aina iliyoenea zaidi Afrika hunywa kama mililita 0.03 kwa siku, kiasi ambacho jicho haliwezi kukipima. Minyoo 100 kwa mwaka hunywa zaidi ya lita 1. Mgonjwa anapofika, muuguzi humvuta kope ya chini kwa kidole gumba na kuutazama utando wa ndani. Unaopaswa kuwa mwekundu umepauka, na viganja vimepauka vilevile. Mgonjwa hulalamika kwamba pumzi zinamkatika akipanda kilima kidogo au akibeba ndoo. Mapafu yake ni mazima. Hewa inaingia kama kawaida, lakini wabebaji ni wachache, kwa hiyo moyo huongeza mapigo ili wabebaji hao hao wafanye mizunguko mingi zaidi. Ukiachwa hivyo kwa miezi mingi, moyo hutanuka na kuchoka, na miguu huvimba.

Stirling hakuishia hospitalini. Mwaka 1958 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU, akabaki mbunge kwa zaidi ya miaka 20. Wakati huohuo Nachingwea ikawa inapata wageni wengine, safari hii kutoka kusini.

Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilianza Septemba 1964. FRELIMO, chama kilichoviongoza, ilipewa na serikali ya Tanzania eneo la kuwafundishia wapiganaji katika mojawapo ya mashamba yaliyoachwa na mpango wa karanga, lililojulikana kwa namba tu: Farm 17. Aliyeiongoza kambi hiyo, Samora Machel, alikuwa muuguzi kabla ya kuwa askari. Alikuwa amefanya kazi katika Hospitali ya Miguel Bombarda, Lourenço Marques, hadi alipotoroka mwaka 1963 na kufika Dar es Salaam kujiunga na chama. Majeruhi waliovushwa Ruvuma kutoka Cabo Delgado walipelekwa Mtwara, ambako FRELIMO ilikuwa na hospitali yake iliyopewa jina la Américo Boavida, daktari wa Angola aliyeuawa vitani mwaka 1968.

Kwa majeruhi wa risasi, safari ya kuvuka mto ilikuwa mashindano na hesabu ya damu. Mtu mwenye lita 5 akipoteza robo tatu ya lita, mwili hujitetea: mishipa ya ngozi hubana, moyo huongeza kasi, na kwa nje haonekani kuwa hatarini. Akipita lita moja na nusu, mapigo huzidi 120 kwa dakika, presha huanguka, ngozi huwa baridi na yenye jasho, na akili huanza kuchanganyikiwa. Hapo ndipo pumzi huenda mbio, ingawa kifua hakijaguswa na risasi. Viungo vinakosa oksijeni, tindikali inaongezeka katika damu, na ubongo unakiamuru kifua kupumua haraka ili kuitoa kwa njia ya kaboni dayoksaidi. Kwa muuguzi aliyefunzwa, kuhesabu pumzi za majeruhi kulisema mengi kabla hata ya kulifungua jeraha. Msaada wa kwanza ulikuwa kugandamiza kidonda kwa nguvu na kumlaza mtu miguu ikiwa juu, ili damu iliyobaki iufikie ubongo kwanza.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na Samora akawa Rais wake wa kwanza. Eneo la kambi ya Nachingwea sasa lina shule ya sekondari yenye jina lilelile la Farm 17.

Katikati ya miaka hiyo ya 1970, Rais Julius Nyerere alimteua daktari wa zamani wa Mnero kuwa Waziri wa Afya, kazi aliyoishika hadi mwaka 1980. Ilikuwa chini ya uwaziri wake, mwaka 1977, Tanzania ilipoanzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma.

Kifua kikuu ndio ugonjwa unaoonyesha wazi zaidi jinsi mapafu na mishipa ya damu vilivyokaribiana. Bakteria wake hupenda sehemu ya juu ya mapafu, penye oksijeni nyingi. Hula nyama ya pafu hadi kuacha mapango, na pango likifika kwenye mshipa mkubwa, ukuta wa mshipa hulika na mgonjwa hukohoa damu. Dawa zilikuwapo: streptomaisini tangu miaka ya 1940, aisoniazidi tangu mwaka 1952. Taabu ilikuwa muda. Matibabu yalichukua mwaka mzima au zaidi, na mgonjwa aliyepata nafuu baada ya wiki sita alirudi shambani na kuziacha dawa, akaambukiza wengine kwa bakteria sugu. Kuanzia mwaka 1970, majaribio yaliyofanyika Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza yalionyesha kwamba dawa mpya zikiunganishwa zinaweza kuponya kwa muda wa nusu mwaka tu.

Mshauri aliyeujenga mpango wa Tanzania alikuwa Karel Styblo, daktari wa Kicheki aliyefanya kazi Uholanzi. Yeye mwenyewe aliugua kifua kikuu akiwa mfungwa wa Wanazi katika kambi ya Mauthausen. Utaratibu wake ulikuwa wa kawaida kiasi kwamba wilaya kama Nachingwea iliweza kuufuata kwa kutumia hadubini, daftari na mratibu mmoja mwenye pikipiki. Makohozi yalipakwa kwenye kioo na kutazamwa. Mgonjwa aliandikwa. Kwa miezi 2 ya mwanzo alimeza dawa kila siku mbele ya muuguzi, kisha aliendelea nyumbani kwa miezi 6. Mwishoni mwa kila robo mwaka, mratibu alihesabu waliopona, waliofariki na waliopotea, bila kumficha yeyote. Wagonjwa waliotibiwa hivyo walipona kwa kiwango cha karibu asilimia 80. Shirika la Afya Duniani lilitangaza kifua kikuu kuwa dharura ya dunia mwaka 1993, na utaratibu lililousambaza kila bara miaka michache baadaye ulikuwa ule uliopikwa Tanzania.

Utaratibu huo haukutosha kuhimili Ukimwi. Ukimwi ulipoangusha kinga za watu, wagonjwa wa kifua kikuu walioandikwa nchini waliongezeka kutoka kama 12,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi zaidi ya 60,000 miongo miwili baadaye. Madaftari ya Styblo angalau yalifanya ongezeko hilo lionekane.

Miaka hiyohiyo mapafu ya wakulima wa kusini yalipata mzigo mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ubwiri unga, ukungu unaokausha maua ya mkorosho, uliingia kwenye mashamba. Dawa iliyokubalika ilikuwa salfa ya unga, na tangu wakati huo kila msimu wa maua, kati ya Juni na Septemba, mashine za kupulizia huunguruma Nachingwea na Ruangwa kabla ya jua kuchomoza, upepo ukiwa umetulia na umande ungali juu ya majani. Wingu la njano hupanda hadi kilele cha mkorosho, kisha hushuka taratibu juu ya kila kilicho chini yake, mpuliziaji akiwa wa kwanza.

Kifua hufanya kazi kama mivukuto ya mhunzi. Kiwambo kilicho chini ya mapafu hushuka, mbavu hufunguka, nafasi huongezeka, na hewa huingia kujaza pengo. Mtu aliyekaa huvuta lita 6 hivi kwa dakika. Mwenye mashine mgongoni, akitembea kwenye mistari ya mikorosho, huvuta mara kadhaa ya hizo, na mara nyingi kwa mdomo, akikwepa chujio la pua. Chembe kubwa za vumbi hunaswa na ute na kurudishwa juu na vinyweleo vidogo vinavyopepea ndani ya njia za hewa; hizo ndizo mtu anazozitema asubuhi. Ndogo kabisa hupita hadi kwenye vifuko. Salfa ikikutana na unyevu huwasha macho, koo na mirija, na mwenye pumu hubanwa palepale. Kitambaa kilichofungwa mdomoni, ambacho ndicho wengi walikitumia, huzuia chembe kubwa, ambazo mwili ulikuwa na njia ya kuziondoa, na kuziruhusu ndogo.

Kwa watoto, hatari kubwa ilibaki kwenye damu. Kimelea cha malaria huingia ndani ya seli nyekundu, hula hemoglobini, hujizidisha na kuipasua seli. Mtoto mchanga anaweza kupoteza nusu ya hemoglobini yake katika siku chache, akafika hospitali akihema kama mwenye kichomi. Miaka ya 2000 Taasisi ya Afya ya Ifakara na washirika wake walichagua wilaya tano za kusini, Nachingwea na Ruangwa zikiwemo pamoja na Lindi Vijijini, Newala na Tandahimba, kujaribu jambo rahisi: kumpa mtoto dawa ya malaria ya SP anapoletwa kuchanjwa akiwa na miezi 2, 3 na 9, hata kama haumwi. Jaribio la awali la Ifakara, lililochapishwa mwaka 2001, lilikuwa limepunguza malaria kwa asilimia 59 na upungufu mkubwa wa damu kwa nusu. Kusini swali lilikuwa kama wahudumu wa zahanati za kawaida, bila watafiti kuwasimamia, wangeweza kulifanya. Waliweza. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza njia hiyo kwa maeneo ambayo dawa hiyo ilikuwa bado na nguvu.

Mtoto aliyekwisha kupungukiwa alihitaji damu ya mtu mwingine, na hiyo kwa miongo mingi ilitoka kwa ndugu waliokuwa wamemsindikiza. Baba au mjomba alipimwa kundi, akatolewa damu, ikaning'inizwa saa hiyohiyo. Palipokosekana ndugu wa kundi lake, palikosekana damu. Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianza mwaka 2004, ukagawa nchi katika kanda, na Kanda ya Kusini ikawekwa Mtwara. Chupa ikatenganishwa na jamaa: damu inakusanywa kwa wachangiaji wa hiari, inapimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende, kisha inasambazwa hospitalini. Wachangiaji wakubwa wakawa wanafunzi wa sekondari, kwa hiyo shule zikifungwa, majokofu nayo hupungua.

Februari 2021 pumzi za Ruangwa zikawa habari ya bara zima. Namungo FC, timu ya Ruangwa iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019 na kucheza nyumbani katika Uwanja wa Majaliwa, ilisafiri hadi Luanda kucheza na Primeiro de Agosto katika Kombe la Shirikisho Afrika. Vipimo vya Korona vilipofanyika Angola, baadhi ya waliokuwa kwenye msafara walikutwa na maambukizi. Timu ikawekwa karantini na mechi ikafutwa. Nyumbani Tanzania ilikuwa imeacha kutoa takwimu za ugonjwa huo tangu Mei 2020, hivyo wengi walilipata jibu la kipimo kutoka uwanja wa ndege wa nchi ya kigeni. Shirikisho la soka Afrika likaamua mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam. Namungo ilishinda ya kwanza 6 kwa 2, ikafungwa ya pili 3 kwa 1, na kuingia hatua ya makundi kwa jumla ya mabao 7 kwa 5.

Wachezaji wale vijana walirudi uwanjani. Kwa waliozidiwa na Korona, virusi viliwasha kuta za vifuko vya hewa hadi vikajaa majimaji, na oksijeni ikashindwa kuvuka ingawa hewa iliingia na damu ilipita. Kifaa kidogo kinachobanwa kwenye ncha ya kidole, kinachosoma rangi ya hemoglobini kwa mwanga, kikawa maarufu. Mtu mwenye afya husoma asilimia 95 au zaidi. Wengine walikutwa na 80 huku wakizungumza.

Mwezi uliofuata nchi ilielekeza masikio kwenye moyo. Tarehe 17 Machi 2021 Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, alitangaza kwamba Rais John Magufuli amefariki dunia Dar es Salaam kwa maradhi ya moyo, tatizo la mfumo wa umeme wa moyo lililomsumbua kwa zaidi ya miaka 10. Miezi minane kabla, Julai 2020, taifa lilikuwa limempoteza Rais mstaafu Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, ambaye familia yake ilisema alikuwa akitibiwa malaria moyo wake uliposimama. Umeme wa moyo huanzia kwenye chembe chache zilizo juu ya chumba cha kulia, zinazotoa mdundo kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Mdundo huo ukivurugika, vyumba vya juu hutetemeka badala ya kusukuma, damu hutuama humo na kuganda, na pande lake likisafiri hadi kwenye ubongo huleta kiharusi.

Kabla ya mwaka 2008, Mtanzania aliyehitaji kupasuliwa moyo alipelekwa nje ya nchi, mara nyingi India. Mwaka huo upasuaji ulianza Muhimbili, na mwaka 2015 Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikasimama kama hospitali inayojitegemea. Madaktari wake sasa huzunguka mikoani, Lindi na Mtwara zikiwemo, na sehemu kubwa ya kazi yao huanza kwa kifaa cha zamani. Mwaka 1905, Majimaji ilipokuwa inawaka Umatumbi na Liwale, daktari wa Kirusi Nikolai Korotkoff alieleza jinsi ya kupima presha kwa kusikiliza: mkanda hujazwa upepo hadi mshipa wa mkono ubanwe kabisa, kisha hupunguzwa taratibu. Mdundo wa kwanza kusikika ndiyo namba ya juu. Unapotoweka, ndiyo ya chini. Watu wengi wanaopimwa mara ya kwanza kwenye kambi hizo hawakujua kwamba wana presha, kwa kuwa haiumi.

Ruangwa ya leo, wilaya inayojitegemea tangu ilipomegwa kutoka Nachingwea katika miaka ya 1990, inachimba madini ya kinywe, yanayotumika kwenye betri za simu na magari ya umeme. Mgodi wa Lindi Jumbo uko huko, na wachimbaji wadogo wa dhahabu wamekuwepo muda mrefu zaidi. Vumbi la mwamba lenye silika ni tofauti na lile la salfa, kwa maana mwili hauna namna ya kuliyeyusha. Likifika kwenye vifuko vya hewa, seli za ulinzi hulimeza na kufa, na kila zinapokufa huacha kovu. Pafu lenye makovu halitanuki, na linakaribisha kifua kikuu. Ugonjwa huo wa makovu huchukua miaka 10 au zaidi kujitokeza, mara nyingi mfanyakazi akiwa amekwisha kuondoka mgodini.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampime mfanyakazi anapoanza kazi, akiwa kazini, na anapoondoka. Kwa mapafu, kipimo ni bomba lililounganishwa na mashine ndogo. Mfanyakazi hujaza kifua hewa kadiri awezavyo, huziba midomo kwenye bomba na kupuliza kwa nguvu zake zote kwa sekunde 6, huku mpimaji akimhimiza aendelee. Mashine huandika namba mbili: hewa yote iliyotoka, na ile iliyotoka katika sekunde ya kwanza. Kijana mwenye mapafu mazima hutoa kama robo tatu au zaidi ndani ya sekunde hiyo. Mwenye mirija iliyobana hutoa pungufu, na mwenye makovu hutoa haraka lakini kidogo. Namba za siku ya kuajiriwa huhifadhiwa kwenye faili, na ndizo zitakazolinganishwa na za siku ya kuacha kazi.